Tajiri wangu Mhindu amefariki: niende vipi kumpa pole mjane, na siku ya kutia moto nisimame wapi?

Mkaazi_wa_Majengo

Ndugu zangu wa jukwaa, nawasalimu wote. Ninaandika nikiwa Mombasa, na ombi langu ni la haraka, kwa sababu maziko, kama neno hilo linafaa, ni kesho saa kumi alasiri. Mzee niliyemfanyia kazi kwa miaka 19 katika duka lake la vifaa vya ujenzi amefariki leo alfajiri. Yeye na jamaa zake ni Wahindu wa Kigujarati, watu ambao wazee wetu waliwaita Mabaniani. Ingawa funguo za duka nimezishika mimi miaka yote hiyo, nyumbani kwao sikuwahi kupita zaidi ya barazani, kwa hiyo mambo ya msibani kwao siyajui hata kidogo.

Kijana wake mkubwa alinipigia simu akaniambia nisikose, kwa kuwa baba yake angetaka niwepo. Kisha mjane, ambaye dukani sote tunamwita Ba, akaichukua simu na kuniuliza kama ninamjua mtu wa mashua anayeaminika, maana majivu watayapeleka baharini baada ya siku chache. Nilimjibu kuwa nitamtafuta, lakini nilipokata simu nikajiona sijui hata nivae nini.

Nauliza mapema kwa sababu nimewahi kuaibika. Miaka sita iliyopita jirani yetu wa dukani, naye Mhindu, alifiwa na mkewe, tukaambiwa kikao cha kutoa pole ni kuanzia saa kumi hadi saa kumi na moja na nusu. Mimi nikafika saa kumi na mbili kasorobo, nimevaa shati la maua, bahasha ya ubani mfukoni, nikidhani matanga ni matanga tu na mtu huja anapopata nafasi. Nilikuta vijana wawili wanakunja viti. Bahasha yangu nilirudi nayo nyumbani.

Basi naomba mnieleze: kesho nivae nini, niseme nini, fedha nitoe au nisitoe, na je, mimi niliye Mwislamu nina nafasi gani mahali pale? Na huyo mtu wa mashua nimweleze nini?

Mzaliwa_wa_Makadara

Pole sana, bwana, kwa kumpoteza mtu wa miaka 19. Mimi ni Mhindu wa hapa hapa Mombasa, tangu kwa babu yangu, na nitakueleza yanayofanyika kwetu, ila ukumbuke kwamba Wahindu si kabila moja wala msikiti mmoja. Walohana, Wapatel, Wabhatia na Wapunjabi kila mmoja ana namna yake, wafuasi wa Arya Samaj hawana ibada ya kuwalisha wafu, na wafuasi wa Swaminarayan wana nyimbo zao. Ukiona jambo kesho ambalo mimi sikulitaja, usishangae.

Usiku huu au kesho asubuhi watamwosha marehemu na kumvika nguo nyeupe. Mwanamke akifa mumewe yuko hai, huvikwa sari nyekundu kama bibi arusi. Mdomoni hutiwa matone ya maji ya Ganga, mto mtakatifu wa India, ambayo karibu kila nyumba ya Kihindu huyahifadhi katika chupa ndogo au kichungu cha shaba kilichozibwa, pamoja na jani la tulsi, mmea ulio ndugu wa mrehani na kivumbasi unavyovijua wewe. Karibu na kichwa huwashwa taa ya samli. Ukiingia utaona watu wameketi chini, nao wanaimba au wananyamaza. Vua viatu mlangoni, kaa upande wa wanaume, na uwahi, maana kwetu saa iliyotajwa ndiyo saa yenyewe.

Vaa nguo nyeupe. Kanzu nyeupe inafaa kabisa, na huenda ukawa umevaa vizuri kuliko wajukuu wanaotoka Nairobi. Mbele ya mjane kunja viganja pamoja, useme “Jai Shri Krishna” ukipenda, au sema “poleni” tu, kwani Ba amezaliwa Pwani na neno hilo analijua kuliko mimi na wewe. Usiulize alikufaje.

Mahali pa moto ndipo watu wengi hupaogopa, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Marehemu hubebwa juu ya machela ya mianzi au ndani ya jeneza jepesi, wabebaji wakipokezana huku wakilitaja jina la Ram. Kama kijana wake atakupa ncha ya kubeba, ujue amekupa heshima ya mtu wa nyumbani. Mwana mkubwa, ambaye mara nyingi atakuwa amenyoa kichwa, huzunguka maiti akiwa na mtungi wa maji begani, mtungi hutobolewa kila mzunguko, na mwishoni anauacha uanguke nyuma yake uvunjike. Sauti ile ya udongo kupasuka juu ya sakafu ndiyo inayowaliza hata wale waliojikaza tangu asubuhi. Baada ya hapo ndipo anatia moto. Panapotumika kuni, huwekwa samli na vipande vya sandali, nao moto huchukua saa kadhaa. Panapotumika tanuri la mafuta au gesi, mambo huwa mafupi zaidi. Ada inataka moto uwashwe kabla ya jua kuzama, ndiyo maana umeambiwa saa kumi. Watu wanapoondoka hawageuki nyuma kutazama, na kila mmoja huoga kabla ya kushika kitu chochote cha nyumbani. Zamani wanawake walibaki nyumbani, lakini siku hizi nimeshuhudia mabinti wakitia moto wenyewe pale ambapo hakuna mtoto wa kiume, au yupo Toronto na ndege haikuwahi.

Wala hutakuwa Mwafrika wa kwanza kusimama pale. Profesa Wangari Maathai alichomwa katika tanuri la Kariokor, Nairobi, mwezi Oktoba 2011, akiwa katika jeneza la mianzi, mafunjo na magugu maji, kwa sababu hakutaka mti ukatwe kwa ajili yake. Bob Collymore, aliyekuwa mkuu wa kampuni ya simu ya Safaricom, naye alichomwa huko huko Julai 2019. Wakenya wengi walijifunza siku hizo kwamba tanuri la Wahindu halimkatai mtu.

Sasa kuhusu ile aibu yako ya miaka sita, ambayo kwa kweli si aibu. Kikao ulichokichelewa kinaitwa *besnu*, neno linalotokana na kukaa, kama nyinyi mnavyosema kukaa matanga. Wengine hufanya *uthamnu*, linalotokana na kuinuka, nayo ni sawasawa na kuanua tanga kwenu. Maneno ni ndugu kabisa, ila muda ndio uliotofautiana: sisi tumeubana ukawa saa moja na nusu ukumbini, kwa sababu watu wana maduka, na ukumbi una msiba mwingine kesho yake. Hapatolewi chakula, na mara nyingi hata chai hakuna. Nyumbani kwa mfiwa jiko haliwashwi siku ya moto. Jamaa na majirani ndio huleta kichri ya mchele na pojo pamoja na mchuzi wa mtindi uitwao kadhi, bila kitu cha kukaanga wala kitamu.

Bahasha usipeleke. Hiki ndicho kinachowachanganya ndugu zetu wengi, kwa kuwa kwenu kumwachia mfiwa gharama peke yake ni lawama, kumbe kwetu kupokea fedha msibani ndiyo lawama. Ukiona lazima utoe, toa kwa kituo cha watoto au zahanati kwa jina la mzee. Na ile methali ya Baniani mbaya kiatu chake dawa usiitaje kesho, hata kwa mzaha.

Taa_ya_Kibokoni

Ndugu yangu wa Majengo, nitagusa lile swali ambalo ndugu wa Makadara kwa adabu yake amelipita. Dini yetu hairuhusu maiti ya Mwislamu ichomwe, na ibada ya dini nyingine hatuishiriki, hilo linajulikana. Lakini kumpa pole jirani au tajiri asiye Mwislamu ni jambo ambalo wanazuoni wengi wameliona halina ubaya, na katika mji huu limefanywa na wazee wetu bila kificho. Mimi ningekwenda nyumbani, nikakaa, nikatoa pole, kisha nikafuata msafara na kusimama nyuma wakati wa maombi yao. Kuhusu kubeba na kuingia mpaka penye moto, muulize sheikh unayemwamini usiku huu huu, badala ya kutegemea sisi tusiokujua. Ukishajua jibu, mwambie kijana mapema ili asikukabidhi machela mbele za watu ukaanza kusitasita.

Mtu_wa_Mashua

Kwa upande wa bahari nitasema mimi, kwa kuwa kazi yangu ni mashua na majivu nimeyapeleka mara nyingi. Huja watu watano au sita, na mmoja wao, kwa kawaida yule mwenye kichwa kilichonyolewa, hukipakata chungu kilichofungwa kitambaa chekundu kama anayempakata mtoto, wala hakubali kukiweka sakafuni hata mashua ikiyumba. Hubeba maua, nazi, na mara nyingine maziwa kidogo.

Jambo la kwanza ni maji. Usikubali wapelekwe maji yakiwa yanajaa, kwa sababu kilichotiwa kwenye mlango wa bahari kitarudi bandarini pamoja na maua yake, na si vizuri mjane ayaone maua aliyoyaaga yakimsubiri ngazini. Mimi hutoka maji yanapoanza kupwa, na siku za bamvua ndizo bora, maana mkondo unatoka kwa nguvu. Basi kabla familia haijapanga siku na saa pamoja na maharaji wao, yaani kuhani, mpe kijana saa za kupwa za juma hilo ili wapange yote mawili kwa pamoja.

Jambo la pili ni upepo. Safari yangu ya kwanza sikuwaeleza, nikazima mashine, kijana akainuka na kumimina upande wa joshi, unakotoka upepo, na sehemu kubwa ya majivu ikaturudia usoni sote. Nilitamani nitumbukie baharini. Yule mama alijipangusa shavu kwa ncha ya sari yake, akasema neno moja kwa Kigujarati, nao wakacheka huku wanalia. Baadaye kijana alinitafsiria: mama amesema kwamba hata marehemu alipokuwa hai, kumtoa nyumbani ilikuwa kazi. Tangu siku hiyo, kabla ya kuzima mashine, humwonyesha mwenye chungu upande wa demani, unakoelekea upepo, na humwomba ainame mpaka chungu kikaribie maji, asimimine kutoka juu.

Majivu si vumbi tupu kama watu wanavyodhani, kwani ndani yake mna vipande vya mifupa, na vingine huonekana. Mtu wa mashua asiyejua hilo anaweza kutoa sauti ya mshangao, kwa hiyo mweleze mapema. Mwambie pia azime redio na asijibu simu. Mifuko ya plastiki waiache pwani. Malipo yangu ni ya mafuta na muda kama safari nyingine yoyote, si zaidi, na yeyote atakayetaja bei ya msiba mwepuke.

Binti_wa_Mwanza_Leicester

Nimesoma maelezo haya yote nikiwa Leicester, Uingereza, na nimemwonea wivu mzee wenu, kwa kuwa amekufa alfajiri na kesho yake jioni atakuwa ameshafanyiwa kila kitu. Mimi nilizaliwa Mwanza, tukahamia huku mwaka 1973, na mji huu umejaa watu wa asili yetu, wengi wao wakiwa wale waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972 kwa notisi ya siku 90. Mama yangu alipofariki tulisubiri siku 11 kupata nafasi kwenye tanuri, yeye akiwa katika jokofu.

Siku yenyewe ilipofika, jeneza liliruhusiwa nyumbani kwa saa moja tu. Nyumba za huku zina mlango mwembamba na ukumbi mdogo, kwa hiyo tulihamisha makochi barabarani, jirani yetu Mwingereza akayalinda chini ya mwavuli, na sisi tukamzunguka mama sebuleni, kila mmoja akimwekea ua na punje za mchele. Tulipofika kwenye tanuri mhudumu, ambaye alikuwa na adabu sana, alitoa ile nazi mikononi mwa kaka yangu, akaeleza kuwa hairuhusiwi kuingia kwa sababu hupasuka ndani ya moto. Mtungi nao hatukuruhusiwa kuuvunja juu ya zulia lao. Kaka alibonyeza kitufe cha kijani, pazia likafunga, na dakika 40 tulizolipia zikawa zimekwisha, watu wa msiba unaofuata wakiwa wamepanga foleni nje.

Lililotutesa zaidi ni hesabu ya siku. Kwa desturi unajisi wa msiba, tunaouita *sutak*, huhesabiwa siku 10 au zaidi kidogo, na siku ya 12 na ya 13 ndizo za kumwandalia marehemu madonge ya unga yaitwayo *pinda* ili roho yake iungane na wazee waliotangulia. Jamaa zetu wa Rajkot, India, walihesabu tangu siku ya kufa, kwa hiyo walikuwa karibu kumaliza kabla mama hajachomwa. Sisi wa hapa tulihesabu tangu siku ya moto. Shangazi mmoja alijinyima sukari mara mbili ili asikosee upande wowote.

Wako waliojaribu kuirudisha desturi ya kuni hapa. Bwana Davender Ghai wa Newcastle aliomba achomwe juu ya kuni penye hewa wazi, manispaa ikamkatalia, naye akaenda mpaka Mahakama ya Rufaa, ambayo mwezi Februari 2010 iliamua kwamba sheria ya mwaka 1902 inaruhusu jambo hilo mradi moto uwashwe ndani ya kitu kinachostahili kuitwa jengo, hata kama paa lake lina uwazi. Wengi wetu hata hivyo tunaendelea na kitufe.

Kuhusu majivu, huku wengi huyatia katika mto Soar, na upo mahali Barrow upon Soar palipotengwa kwa kazi hiyo. Mama aliomba sehemu yake irudi Ziwa Victoria. Ndugu zangu waliuliza kama ziwa la Mwanza linaweza kuwa Ganga, na maharaji wetu akawakumbusha kwamba mwaka 1948 sehemu ya majivu ya Mahatma Gandhi ilitiwa kwenye chanzo cha mto Nile pale Jinja, yaani maji ya ziwa hilo hilo. Baada ya hapo hakuna aliyebisha. Niliyapitisha uwanja wa ndege ndani ya mkoba wa mkononi pamoja na cheti cha kifo na cha kuchomwa, na ndugu wa Majengo, kama familia yenu itataka kupeleka sehemu ya majivu Haridwar au kwenye mto Narmada kule India, waambie vyeti hivyo wavitengeneze nakala nyingi mapema.

Mkaazi_wa_Majengo

Nimerudi baada ya siku tisa kuwashukuru. Nilikwenda na kanzu nyeupe, nikafika saa tisa na nusu. Usiku ule nilimwona sheikh wa mtaani, na kwa ushauri wake nilimwambia kijana kuwa nitafuata msafara lakini nitasimama nje ya ua. Alinishika bega, akasema baba yake pia alisimama nje ya ua siku alipozikwa marehemu baba yangu, jambo ambalo mimi kwa machozi ya siku ile sikuliona. Nikiwa nje niliusikia mtungi ukipasuka, nikaelewa alichokusudia ndugu wa Makadara.

Kwenye besnu nilikuwa wa tatu kuingia. Mtu wa mashua tulimpata kupitia hapa, wakatoka jana saa moja asubuhi maji yakipwa, na Ba amenitumia ujumbe kuwa maua hayakurudi.

Duka lilifunguliwa siku ya nne, mapema kuliko nilivyotarajia, ingawa kijana bado havai viatu vya ngozi na chakula chake kinaletwa kutoka nyumbani. Swali langu la mwisho ni dogo. Juu ya meza ya fedha wametundika picha ya mzee, ikiwa imevikwa shada la vipande vyembamba vya sandali. Mimi ndiye ninayefuta vumbi kila asubuhi. Je, nalivua shada ndipo nifute, au naliacha?

Mzaliwa_wa_Makadara

Liache mahali pake, na kioo ukifute kwa kulizunguka, kwa kitambaa kikavu. Shada la namna hiyo hukaa mwaka mzima na zaidi, na litakapochakaa Ba mwenyewe atakuja na jingine. Na kama asubuhi utamkuta kijana amewasha ubani mbele ya picha, mngoje amalize ndipo ufungue mlango wa mbele, maana upepo wa barabarani huuzima.